Kwa Nini Busaa Hupitia Motoni Kwanza

Katika pombe yoyote ya nafaka, kuchachua si kazi ngumu. Chachu ikipata sukari na joto la wastani hujifanyia mambo yake bila kusukumwa. Kazi ngumu hutangulia hapo. Mahindi, wimbi na shayiri zimejaa wanga, na chachu haili wanga. Ni lazima wanga huo ukatwekatwe uwe sukari, na vinavyoukata ni vimeng'enya vinavyoamka ndani ya punje inapoanza kuota. Ndiyo maana hakuna busaa, pombe yetu ya mahindi na wimbi, bila kimera, yaani nafaka iliyooteshwa.

Tatizo ni kwamba wanga na vimeng'enya havipatani kuhusu joto. Wanga mbichi umefungamana. Mpaka upate maji na moto ndipo huvimba na kulainika, kama unga unavyoshika sufuriani ukawa ugali, na hapo vimeng'enya hupata pa kuingilia. Lakini vimeng'enya vyenyewe ni protini. Moto ukivizidi huharibika, na vikishaharibika havirudi.

Waingereza walibahatika katika jambo hili. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo vimeng'enya vya shayiri bado hulistahimili kwa muda wa kutosha. Mtengenezaji wa bia wa Burton upon Trent katika karne ya 19, aliyekuwa akitayarisha pale ale ya kusafirishwa hadi India, alichanganya kimera kilichopondwa na maji ya moto, mchanganyiko ukatulia kwenye nyuzi 65 au 67, akauacha saa moja au mbili. Wanga ulilainika na kukatwa ndani ya pipa lile lile. Anayetaka kuiga bia hiyo nyumbani leo, kwa shayiri kama inayolimwa Narok, bado hufuata njia hiyo: kipimajoto kizuri na subira.

Mahindi na wimbi havikubali njia hiyo. Sehemu kubwa ya wanga wake hudai nyuzi 70 na zaidi. Ukiongeza moto ili wanga ulainike, unaua vimeng'enya vya kimera. Ukiupunguza ili kimera kipone, wanga unabaki mbichi na sukari inakuwa haba. Wapishi wa busaa wa hapa kwetu Bomet, kama wenzao wa magharibi ya Kenya, waliuvuka mtego huu kwa kuzitenganisha kazi mbili, na kwa maoni yangu huu ni ufundi unaostahili heshima kuliko inavyopewa.

Kwanza unga wa mahindi hukorogwa na maji kidogo, ukafunikwa na kuvundikwa siku mbili au tatu. Bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa za wale wanaogandisha maziwa yakawa mursik, huutia uchachu. Kisha unga huo mzito hukaangwa juu ya bati au karai pana, mpishi akiugeuza bila kupumzika, mpaka uwe chembechembe kavu za rangi ya kahawia. Hapo ndipo wanga huiva. Maji yaliyomo katika unga huulainisha kabla hayajakauka, na moto huongeza ile harufu ya kukaangwa ambayo mnywaji huitambua kabla hajaonja. Vijidudu vingi hufa, lakini asidi waliyoitengeneza haipotei, kwa sababu asidi ya maziwa haipai kirahisi pamoja na mvuke. Chembechembe zikikauka vizuri huweza kuwekwa zikisubiri siku ya shughuli.

Kazi ya pili hufanyika bila moto. Wimbi huloweshwa kwa siku moja hivi, likafunikwa kwa gunia bichi mpaka lichipue, kisha likaanikwa juani na kusagwa pamoja na vichipukizi vyake. Wimbi halikuchaguliwa kwa bahati. Kati ya nafaka ndogo za nchi za joto, kimera chake kinasifika kwa nguvu ya kukata wanga. Isitoshe, punje yake huhifadhika miaka mingi ghalani bila kuliwa na wadudu. Chembechembe zilizokaangwa hutiwa maji baridi, kimera kikaongezwa, na kwa kuwa hakijapikwa huja na vimeng'enya vilivyo hai pamoja na chachu na bakteria walioshikamana na punje. Anayekichemsha kimera amejiharibia vyote kwa pamoja. Usiku wa Bomet ni wa baridi, kwa hiyo chombo husogezwa karibu na meko, na baada ya siku chache pombe huchujwa machicha. Kileo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 4.

Pale ale ilivuka bahari kwa sababu ya kileo kingi na maua ya hopsi, ambayo uchungu wake huzuia bakteria. Busaa haina hopsi. Kinachoilinda ni uchachu, na uchachu hauachi kuongezeka, kwa hiyo hunywewa mapema au isinywewe kabisa.

Wazee wa Kipsigis huiita maiyek, na zamani ilikuwa ya wimbi. Mashamba ya chai yalipopanuka Kericho katika miaka ya 1920, vibarua walihitaji posho, Wakipsigis wakalima mahindi ya kuwauzia, na mahindi yakaingia pia katika chungu cha pombe. Badiliko hilo lilileta hatari ambayo wimbi halikuwa nayo kwa kiasi hicho.

Watu wengi wakisikia pombe ya kienyeji huogopa methanoli, ile iliyoua makumi ya watu nchini Mei 2014. Lakini nafaka ikichachuka haitoi methanoli ya kutosha kuua. Vifo vya namna hiyo hutokana na sumu ya viwandani inayotiwa kwenye kinywaji. 

Hatari ya busaa yenyewe iko kwenye punje. Mwaka wa 2014 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa busaa ya Kaunti ya Bomet, na humo walikuta aflatoksini na fumonisini, sumu za kuvu. Nyumba nyingi hutenga mahindi mazuri kwa ugali na kupeleka yaliyooza kwenye pombe, zikiamini kwamba moto na uchachu vitayasafisha. Havisafishi. Aflatoksini hustahimili joto la karai, na chachu haiimalizi. Imani hiyo ilizidi kuwa ya hatari baada ya Septemba 2011, ugonjwa wa mnyauko wa mahindi ulipogunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza, hapa hapa Bomet, huko Longisa, ukawaachia wakulima magunzi yenye punje chache zilizosinyaa na kushika kuvu. Kisha kuna suala la saratani: Hospitali ya Tenwek ya hapa Bomet imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa saratani ya umio kwa muda mrefu, wakiwemo vijana, na ripoti ya kitabibu ya 2002 ilieleza jambo hilo. Chanzo chake hakijawekwa kwenye kitu kimoja, na siwezi kuitwika busaa mzigo wote, lakini pombe imo miongoni mwa mambo yanayochunguzwa.

Kwa hiyo mpishi aanze na mahindi yaliyokauka mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, kipimo kile kile kinachodaiwa kwenye maghala ya nafaka. Ayachague kwa mkono mchana kweupe. Punje yenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi aitupe, wala asimpe kuku, kwa sababu sumu hiyo humdhuru kuku pia.