Nishani ya Mtendeni na Jinsi ya Kumtafuta Mwenyewe

Ukiokota medali ya vita, usianze na uso wa mfalme. Ishike pembeni, isogeze kwenye mwanga, usome ukingo. Medali za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza ziligongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Zile nyota za Vita ya Pili, kama ile ya waliopigana Burma, kwa kawaida hazina jina. Ya 1914–18 inakupa pa kuanzia. Nyota ya Burma isiyo na karatasi, hapo una kazi.

Ninayoieleza hapa ni ya fedha, duara, upana wake milimita 36 hivi. Mbele kuna King George V, nyuma kuna mtu uchi juu ya farasi anayekanyaga ngao yenye tai. Ilikuwa imelala miaka mingi kwenye kopo la vipuri la mjomba wangu, fundi saa hapa Mtendeni, ambaye alirithi kopo na kazi kutoka kwa baba yake. Alichokuwa anajua ni kwamba mtu aliileta itengenezwe, hakurudi. Akanikabidhi likizo iliyopita kwa kauli ambayo kila mwanachuo anaijua: wewe si ndiye msomi?

Ukingoni nilisoma namba, jina, neno bin, jina la pili, kisha 6 na herufi K.A.R. Majina siyataji hapa, na hilo ni somo la kwanza kwa yeyote mwenye kitu cha namna hii: usitangaze kila kitu. Ukishataja jina, kila anayekuja atakuwa mjukuu wa jina hilo. Ficha walau jambo moja ambalo mwenye mali tu ndiye anaweza kukuambia. Tena wanunuzi wapo. Tabora ndiko Wajerumani walikotengeneza sarafu zao za dhahabu zenye tembo mwaka 1916, na tangu hapo mji huu haujakosa watu wanaozungukia wazee wakiulizia vyuma vya zamani. Mmoja alinitajia bei iliyokaribia nusu ya bumu langu. Sisemi sikuwaza.

Sasa turudi kwenye hiyo 6. KAR ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa 1902. Kikosi chake cha sita kiliundwa upya mwaka 1917, na wengi walioingizwa humo walikuwa wametoka jeshi la Wajerumani. Tabora yenyewe ilitekwa Septemba 19, 1916 na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Tombeur. Kwa hiyo kijana wa Unyamwezi aliweza kabisa kuanza vita akiwa askari wa Mjerumani na kuimaliza akiwa askari wa Mwingereza, bila kubadili mawazo yake kuhusu yeyote kati yao. Darasani tunafundishwa vita hii kwa tarehe na ramani ya mishale. Hiyo tarakimu moja ukingoni ilinifundisha zaidi.

Jina ndilo lenye utata. Mji huu ulikua juu ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na watu wa misafara walikuwa na majina ya safari. Mpagazi aliondoka nyumbani na jina la ukoo, njiani akapewa la utani, mjini akachukua la Kiislamu. Wengine waliletwa hapa utumwani kutoka Manyema, na yule anayetajwa baada ya bin huenda si baba bali bwana aliyewamiliki au kuwalea. Halafu anakuja karani wa jeshi anayeandika alivyosikia. Ndiyo maana nasema namba iaminiwe kuliko jina, na ukifika kwa wazee usiulize, "Mnamjua fulani bin fulani?" Watakujibu hapana, na watakuwa wakweli.

Karatasi zipo, ila zina mipaka. Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, vyenye habari za machifu na koo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa ambayo unaweza kuitafuta kwa simu yako. Lakini mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio walioachwa zaidi, wale walioipa Kariakoo jina lake. Usipomkuta babu yako humo, usidhani hakuwepo.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani. Wazee kama 350 walifika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Ikabidi kila mmoja apewe fagio, aamrishwe kwa Kijerumani jinsi ya kushika bunduki. Inasemekana hakuna aliyeshindwa. Mimi sikuwa na fagio, lakini nilijifunza aina ya swali.

Nikaacha kuuliza jina. Niliwauliza wazee: ni nyumba gani ilikuwa na mtu aliyetumikia majeshi mawili? Nikaelekezwa nyumba tatu. Mbili walinieleza nishani yao ilikuwa na ncha kama nyota, kumbe ni vita ya baadaye, mtu mwingine kabisa. Nikawaachia maelezo ya hizo nyota.

Ya tatu ipo Isevya. "Mwangaluka, bibi," nikasema, maana shikamoo peke yake isingetosha kwa mtu wa umri ule. Ni mjukuu wa askari. Jina la ukingoni hakulijua, kwao babu aliitwa jina la safari. Ila alisema Wajerumani walimfundisha kupiga risasi, Waingereza wakamlipa. Halafu, bila kuulizwa, akasema kile nilichokuwa nimekificha: kishikio cha juu kilivunjika, baba yake akafunga waya wa shaba, waya ukamkwaruza mtoto, ndipo ikapelekwa kwa mtu wa saa. Baba akaugua, ikasahaulika.

Waya ulikuwepo.

Nilipompelekea alipitisha kidole pale palipovunjika, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama fundi bado anadai hela yake. Mjomba amesema atatia kishikio kipya bure. Vijana wa nyumba ile bado wanabishana nani ataitunza.