Pawatila iliyolaliwa na kuku sasa yaenda Ulaya!

Ulaya ziko mbili, msomaji wangu. Moja inataka viza na koti zito. Ya pili iko wilayani Kilosa, njiani ukitokea Mikumi, na huko nimefika juu ya tela la pawatila, vumbi mpaka kwenye kope. Usicheke kwanza.

Pawatila yenyewe ni ya mjomba wangu wa Mikumi. Aliinunua mkono wa pili miaka ile baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa 2009, halmashauri zilipokuwa zikigawa pawatila kwa vikundi vya wakulima kama njugu. Ikalima misimu miwili, ikagoma. Kuku wakahamia. Mwanaye, kijana wa miaka 23, akaleta mnunuzi wa vyuma chakavu ili apate mshiko wa kuanzia bodaboda. Mjomba akang'aka, akanipigia simu Dar: "Mpwa wangu njoo haraka, huyu ataniuzia hadi mlango!"

Basi bwana, nikaenda. Tukamwita fundi mmoja wa Kilosa mjini, mtu wa maneno machache. Injini ni ile ya kulala, silinda moja, nguvu za farasi 12. Fundi akalizungusha gurudumu zito kwa mkono. Likaenda. "Pistoni haijashikana na silinda," akasema. "Maiti ana mapigo."

Tangi la dizeli lilikuwa na maji na kutu, tukaliosha mara tatu. Nozeli badala ya kupuliza ukungu ilikuwa ikidondosha matone kama bomba la gesti. Lakini mchawi hasa alikuwa chujio la hewa, lile lenye bakuli la oili. Lilijaa tope kavu. Vumbi likipenya hapo linasaga ringi na silinda kama msasa, na Mikumi wakati wa kiangazi vumbi si la kutafuta. Ringi tukaweka mpya. Mikanda tukabadilisha yote mitatu kwa mpigo, maana ukichanganya mpya na mikongwe, mpya ndiyo inabeba mzigo peke yake. Duka moja, jina kapuni, lilituuzia mikanda iliyopasuka siku hiyo hiyo. Wizi mtupu!

Kuwasha nako ni shughuli. Unatoa upepo kwenye mpira wa dizeli, unanyanyua kile kijiti cha kuachia mgandamizo, unazungusha hendeli mpaka ipate kasi, unaachia kijiti. Tu-tu-tu-tu! Kuku walifika hadi kwa jirani.

Sasa sikiliza, kuwaka si kulima. Mashine hizi zilitengenezewa majaruba ya mpunga huko Asia, udongo laini uliolowa maji. Visu vyake vya kuzunguka vikikutana na shamba kavu lenye visiki, pawatila inaruka kama mbuzi na visu vinaisha. Ndiyo maana nyingi ziliishia kubeba matofali, watu wakazisema ni takataka. Mimi nasema zilipewa kazi isiyo yao. Hata Waingereza yaliwakuta. Mwaka 1947 walipitisha matrekta yao reli hii hii ya Kilosa kwenda kulima karanga Kongwa, wakaleta na mengine yaliyotokana na vifaru vya vita. Udongo ukakauka kama saruji, na 1951 mradi ukafutwa.

Kwa hiyo visu tukavifungua, tukavipaka grisi vingoje mpunga. Nyuma tukafunga tela. Kisha tukanunua mashine ya mkono wa pili ya kupukuchua mahindi, inayovutwa kwa mkanda kutoka kwenye puli ya injini. Unafika shambani, unasimamisha pawatila, unavisha mkanda, kazi inaanza. Ulaya tulilipwa kwa gunia, na binamu yangu ambaye jana yake alikuwa amenuna alihesabu noti mara mbili.

Ila barabarani usiombe. Haina usukani. Kila mkono una klachi yake. Tambarare ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu na mashine inakata kushoto. Mteremkoni mambo yanageuka: gurudumu lililoachiwa ndilo linalokimbia, wewe unajikuta kulia, mtaroni na mahindi ya watu. Fundi alimfanyisha binamu mazoezi kwenye kilima kimoja asubuhi nzima, tela tupu, mguu kwenye breki. Na ile barabara kuu ya malori ya Zambia akaapishwa asiiguse usiku, maana tela halina taa ya nyuma.

Sasa ugomvi ni mpya. Mjomba anataka fedha za mahindi zinunue pampu, amwagilie nyanya kiangazi. Binamu anataka bodaboda yake. Mara ya mwisho nilipopiga simu, pampu ilikuwa inaongoza kwa kura moja, ya mama mkwe.