Bukavu: godroni, udongo ao majani? Mahali pa kukanyagia kwa wanaoanza mbio

Siku ya yenga asubui, vikundi vya watu wanaofanya futingi vinaonekana kwenye barabara kubwa za Bukavu. Wengi wanaanza na nguvu, lakini nyuma ya wiki mbili ao tatu wengine wanaacha, juu magoti ao muundi inauma. Wanasema godroni njo inawaumiza. Ni kweli? Kwa sehemu tu.

Wakati mutu anakimbia, kila hatua muguu unabeba karibu mara mbili ao tatu ya uzito wa mwili wake. Lakini mwili unajipanga: ukikanyaga pagumu, muguu unalegea kidogo; ukikanyaga palaini, unakaza. Kinachoumiza zaidi ni kuongeza mbio haraka. Pumzi inazoea mbele. Mifupa, na kamba zinazofunga nyama kwenye mifupa, zinachelewa.

Kila mahali pana uzuri na hatari yake:

Godroni ni sawasawa, muguu haupotei. Lakini pembeni barabara inainama ili maji ya mvua yatoke, na muguu mumoja unakanyaga chini kila mara. Chagua mahali pasipoinama sana, na ukimbie upande wa kushoto ili uone moto na magari yanayokuja.

Udongo ni muzuri wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8. Mvua ikinyesha unateleza, na kifundo cha muguu kinaweza kugeuka.

Majani ya kiwanja cha mupira ni laini, lakini yanaficha mashimo. Tembea kwanza, uangalie.

Tena kuna milima. Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na kutoka Ibanda kwenda Kadutu ni kupanda. Kupanda kunakula pumzi. Kushuka njo kunaumiza mapaja, sababu nyama inazuia mwili huku inavutwa. Maumivu yanakuja kesho yake ao siku ya pili. Mwenye kuanza apande polepole, ashuke kwa kutembea.

Mara tatu kwa wiki inatosha: kimbia dakika moja, tembea mbili, mpaka dakika 20. Usibadilishe mahali na kuongeza mbio wiki moja.

Uchovu wa nyama unaisha kwa siku chache. Lakini kama mufupa unauma mahali pamoja, hata usiku ukiwa umelala, usikaze roho. Mufupa unaweza kuwa umeanza kupasuka: acha kukimbia, uone munganga.