Tafi Wakikutana, Mwanadamu Hutahiniwa

Sisi wa Mishomoroni, kaskazi ikishika na tafi wakaanza kuletwa wenye matumbo makubwa, hatuulizi wametoka wapi. Twauliza bei. Nami kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa mbele penye karai, nikimwambia muuzaji anichagulie mwenye mayai, maana tafi wa mayai ndiye tafi.

Mpwa wangu, ambaye ni mzamiaji, alinisikia siku moja nikijisifu hivyo. Akanambia, "Mjomba, twende Msambweni mwezi ukitimia, ukajionee hao wenye mayai wanafanya nini kabla hawajafika karaini." Nikakubali, ijapokuwa umri umeshapita hamsini na mara yangu ya mwisho kuzama nilikuwa mtoto.

Tuliswali alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, kisha kivuko cha Likoni, tukashika njia ya kusini hadi Msambweni. Pale ufukweni tulimkuta nahodha wetu, mzee mvuvi wa malema. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia naandika gazetini alinyamaza kidogo, akasema: "Andika yote, bwana, ila jina la mwamba liache baharini." Nikamwahidi.

Wavuvi wa huko wajua tangu zamani kwamba katika miezi ya kaskazi, mwezi unapotimia, tafi hutoka kwenye majani ya bahari wanakojilisha wakakusanyika mahali pamoja. Watafiti wa shirika la CORDIO, lenye makao hapa Mombasa, walianza kwa kuwauliza wavuvi, kisha wakazama kuthibitisha. Matokeo yakaingia katika ripoti iliyotolewa mwaka 2013. Huko Shelisheli, tafi waliotiwa vifaa vidogo vya kutoa mlio walionekana wakirudi kwenye miamba ile ile. Huja kwa siku chache tu. Majike hutaga, madume hutungisha, kisha wote hutawanyika.

Mpwa wangu na wenzake walijifunga mitungi ya hewa wakashuka. Mimi nilipewa miwani na mrija wa kupumulia, nikashika kamba ubavuni mwa mashua na kutia uso majini. Mwanzo niliona buluu tupu. Kisha kikapita kama kivuli cha wingu juu ya mwamba, nikainua kichwa kutazama mbinguni: hapakuwa na wingu. Lilikuwa ni kundi la tafi. Lilizunguka, likafunguka wazamiaji walipokaribia, likafunga tena nyuma yao. Tafi, ambaye miiba yake ina sumu na mvuvi humshika kwa hadhari, pale hakuwa na habari na mtu.

Nikakumbuka chuoni. Mwalimu wetu alipotufasiria Surat Al-Aaraf alitusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo hiyo ndipo samaki walipowajia waziwazi juu ya maji. Siku nyingine hawaji. Nilimuuliza kwa nini iwe hivyo. Akanijibu kwamba kitu kikiwa mbali, kukiacha si mtihani.

Sisemi kuvua tafi ni haramu. Vya baharini tumehalalishiwa. Nasema kuna riziki na kuna mbegu. Nahodha alinieleza vizuri kuliko niwezavyo mimi: "Wakikusanyika, lema moja hujaa kama malema kumi. Mvuvi huona bado wako tele, kumbe ni wa bahari nzima wamekuja mahali pamoja. Siku utakayoona wamepungua hapa, kwingine wameshakwisha." Wahenga walinena, tamaa mbele, mauti nyuma.

"Basi mbona wewe wavua, mzee?" nilimuuliza.

"Nikiacha peke yangu, atachukua mwingine na watoto wangu walale njaa. Tukiacha sote, siku tano sita hazituui."

Maneno hayo si ndoto. Tangu kanuni za mwaka 2007, wavuvi wetu wana vikundi vya kusimamia fuo, viitwavyo BMU, vyenye uwezo wa kujiwekea sheria ndogo. Na kufunga siku hakuhitaji kutaja mahali: tafi akipumzishwa siku zile za mwezi kutimia, siri ya mwamba yabaki kwa wenyewe.

Nilirudi Mishomoroni baada ya magharibi. Karai lilikuwa motoni, na muuzaji, kwa kunijua, alikuwa ameshaniwekea wangu. "Huyu hapa, baba, mayai tele." Sikumkataa, maana samaki alikwisha kufa na mama wa watu alikwisha kutoa fedha yake. Nilimla, na mayai yake.

Lakini kwa mara ya kwanza sikumwambia anichagulie kama huyo kesho.