Doudou na Wakwe Zetu wa Nyumbani

Mwaka 2011 televisheni yetu ya taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina uitwao “Doudou na Mama Wakwe Zake”. Ulikuwa umetiwa sauti za Kiswahili, hata bibi asiyejua neno moja la kigeni aliweza kuufuata. Watu waliupenda mno. Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, aliutaja, akisema umewapa Watanzania nafasi ya kuona furaha na taabu za jamaa za kawaida za kwao.

Habari yenyewe ni hii. Mao Doudou ni muuguzi. Anaolewa na Yu Wei, mpiga picha. Wazazi wa Yu Wei walikwisha kuachana, na baba ameoa mke mwingine. Basi Doudou anajikuta na mama wakwe wawili, na kumpendeza huyu ni kumwudhi yule.

Kwa nini mtu wa Babati amlilie mwanamke wa China? Kwa sababu jambo lile ni letu. Awe Mwiraqw, Mgorowa, Mrangi au Mmbugwe, binti akiolewa huingia nyumba ya watu, na jiko lina mwenyewe. Kuchota chumvi kwaweza kuleta maneno. Vyombo vikikaa pamoja haviachi kugongana.

Lakini tazameni, wasomaji wapenzi, jinsi mchezo wa namna hii unavyotazamwa. Mama mkwe ameketi kitini, mkaza mwana ameketi mkekani na mtoto, mume yuko mlangoni. Mkwe wa kwenye mchezo akifoka, mkaza mwana anaguna. Mkaza mwana wa kwenye mchezo akijibu kwa kiburi, mama naye anasema, “Wasichana wa siku hizi!” Maneno yanaelekezwa kwenye televisheni, lakini aliyekusudiwa yuko karibu, naye ameyasikia. Kesho yake sufuria zinawekwa chini kwa kishindo, wala hapana aulizaye sababu.

Hilo si jambo la jana. Radio Tanzania ilipoanza “Twende na Wakati” mwaka 1993, wasikilizaji walimjua Mkwaju, dereva wa lori aliyehangaika na wanawake njiani hadi akaugua ukimwi, na mkewe Tunu aliyeteseka nyumbani. Jina la Mkwaju likawa la kumsutia mwanamume mzinzi. Zikaja Huba na Juakali, nazo zikawapa watu majina mengine ya kutupiana. Kumwita jirani Mkwaju ni rahisi. Kuketi na mume wako na kumwambia, “Safari zako zinanitia hofu,” ni kazi nzito.

Basi yafaa kufanya nini? Hatusemi televisheni ifungwe kabatini. Mchezo mzuri unatusaidia kuliko tudhanivyo, maana unatuwekea mbele jambo ambalo kwa heshima au kwa woga hatuwezi kulianza. Mkaza mwana hawezi kumwambia mama mkwe, “Wanionea.” Lakini mchezo ukiisha aweza kuuliza kwa adabu, “Mama, wewe ulipoolewa, mkwe wako alikupokeaje?” Mama naye alikuwa mkaza mwana zamani. Pengine alilia nyuma ya ghala, wala hajapata kumwambia mtu. Akianza kusimulia, atakumbuka yale yaliyomwumiza, na huenda kesho akapunguza ukali.

Na wewe mume, usijifanye mgeni mlangoni. Mama ni wako na mke ni wako. Ukimnyamazia kila mmoja, wote wawili wataona umewaacha. Mwambie mkeo faraghani lile linalomwumiza mama, na mwambie mama, kwa heshima na bila watu, lile linalomwumiza mkeo. Wala usiwabebee maneno makali ya upande mmoja kwenda upande wa pili.

Usiku wa leo, mchezo ukiisha, msikimbilie kulala. Ketini kidogo, mkaulizane.