Mwenye Kufunga Njia Kuu, Astahili Adhabu Gani?

Barabara ni mali ya watu wote. Mgonjwa aipita akipelekwa hospitalini, mchuuzi aipita na bidhaa zake. Basi, watu wakiifunga kwa makusudi ili serikali isikie malalamiko yao, sheria iwatendeje? Katika Uingereza neno hili limeleta mabishano makubwa.

Iko huko barabara kuu iitwayo M25, iuzungukayo mji wa London kwa mwendo wa kilometa 188. Mwezi wa Septemba 2021, watu wa chama cha Insulate Britain walianza kuketi katikati yake, wengine wakiigandisha mikono yao kwa gundi. Walidai serikali izikinge nyumba na baridi, ili mafuta na gesi visichomwe bure. Magari yakakwama. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sheria ya mwaka 1980 ilimtoza mfunga njia faini tu. Mwaka 2022 Bunge liliongeza kifungo. Mwaka 2023 likatunga sheria nyingine: anayevuruga barabara kuu, reli au viwanja vya ndege aweza kufungwa hata miezi 12. Tena iko sheria ya kuwaudhi watu wote, ambayo kifungo chake chafika miaka 10. Kwa hiyo, Julai 2024, watu watano walihukumiwa kwa kupanga njama ya kuizuia M25: mmoja miaka 5, wengine miaka 4 kila mmoja. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ilivipunguza vifungo hivyo.

Je, kila mfunga njia ni mhalifu? Mwezi wa Juni 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliwaachilia watu wanne, waliolala njiani kwa amani muda wa dakika 90 hivi, wakizuia magari yaliyokwenda kwenye maonyesho ya silaha. Haki, basi, hutaka kipimo: njia ilifungwa muda gani? Nani aliumia? Je, aliyezuiwa ndiye aliyelalamikiwa?

Mfunga njia na akumbuke kwamba katika msururu ule huenda yumo mama aendaye kujifungua. Naye mtunga sheria na akumbuke kwamba mara nyingi ashukaye barabarani ni yule aliyebisha milango yote asifunguliwe. Sheria njema huilinda njia, wala haifungi kinywa.