Walikumbukwa Wasiokuwapo



Mara nyingi Wakristo hubishana juu ya namna ya kumwabudu Mungu. Mmoja husema kwamba magitaa na vipaza sauti vimeiharibu ibada. Mwingine hujibu kwamba ibada isiyo na ngoma wala makofi ni ibada iliyolala. Na kila mmoja hudai kwamba Kanisa la kwanza lilikuwa upande wake. Yafaa basi tuulize: wale wa mwanzo waliabuduje?

Tunaye shahidi. Mnamo mwaka 155 hivi, huko Roma, mwalimu Mkristo aitwaye Yustino, ambaye baadaye aliuawa kwa ajili ya imani yake, alimwandikia Kaisari Antonino Pio utetezi mrefu wa Wakristo. Humo alieleza mambo yaliyofanyika siku ya Jumapili. Waumini wa mjini na wa mashambani walikusanyika mahali pamoja. Yalisomwa maandiko ya mitume au ya manabii kwa kadiri muda ulivyoruhusu. Kisha kiongozi aliwahimiza wayafuate mema waliyoyasikia. Wote walisimama wakasali. Mkate uliletwa, pamoja na divai na maji; kiongozi alishukuru, watu wakaitika Amina, nao wakashiriki.

Katika maelezo hayo wengi wetu twaitambua ibada yetu. Lakini tofauti zipo. Wale hawakuwa na makanisa makubwa kama yetu. Kwa kawaida walikutana nyumbani mwa watu. Kule Dura-Europos, nchini Siria, wachimbuaji walikuta nyumba ya kawaida ambayo ukuta wake wa ndani ulikuwa umebomolewa, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja wa kusalia. Mji huo uliangamia mwaka 256 hivi. Tena, Jumapili haikuwa siku ya mapumziko hata Kaisari Konstantino alipoamuru hivyo mwaka 321. Mnamo mwaka 112 hivi, gavana Plinio wa Bithinia aliripoti kwamba Wakristo walikusanyika kabla ya mapambazuko. Mtumwa alisali kwanza, ndipo akaenda kazini kwa bwana wake.

Hata hivyo, wapendwa, tofauti inayotuhukumu si ya jengo wala ya saa. Yustino aeleza mambo mawili zaidi. La kwanza: mashemasi waliwapelekea mkate ule wale ambao hawakuweza kufika. La pili: wenye nafasi walitoa, kila mtu kwa hiari yake, na vilivyokusanywa vikawekwa kwa kiongozi, naye akawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ibada yao haikuishia kwenye Amina. Ilitoka mlangoni, ikaenda kuwatafuta wasiokuwapo.

Nasi je? Tangazo letu la sadaka mara nyingi huhusu paa, uzio, vyombo vya muziki na gari la kanisa. Sisemi kwamba kujenga ni dhambi. Mvua hunyesha, na umati wetu hautoshi sebuleni mwa mtu. Nauliza tu: katika bajeti ya kanisa letu, mjane yumo ukurasa wa ngapi? Yule bibi aliyezoea kukaa benchi la tatu, ambaye hajaonekana tangu masika, nani amekwenda kubisha hodi kwake? Nani amemtembelea kijana wetu aliye rumande?

Tukizitupa ngoma au tukizipiga kwa nguvu zaidi, hatutakuwa tumelikaribia Kanisa la kwanza hata hatua moja. Tutalikaribia siku tutakapotoka ibadani tukiwa na jina la mtu mmoja asiyekuwapo, tukashika njia ya kwake kabla ya kushika njia ya kwetu. Na leo ni Jumapili. Jua bado halijatua.

Mungu atujalie neema hiyo. Amina.